Subana ya Mashoto

Mashoto hakuwa na cherehani. Hakuwa na meza ya kukatia kitambaa. Hakuwa na mkasi wa ushonaji. Alikuwa na mkasi wa jikoni, nao skrubu yake ilishapotea na mahali pake palifungwa waya. Hakuwa na chumba cha kushonea, ila kiti kimoja kilichobanwa kati ya kabati na dirisha. Hakuwa na mama wa kumfundisha, maana mama alifariki Mashoto akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Na hakuwa na mtu wa kumwambia sindano inasukumwa kwa kidole gani.

Kukosa huko kwa mwisho nusura kumgharimu kidole chenyewe.

Mashoto halikuwa jina alilopewa na wazazi. Aliitwa hivyo kwa sababu alitumia mkono wa kushoto kwa kila kazi. Alimenya kwa kushoto, alifagia kwa kushoto, aliandika kwa kushoto. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alipenda kuwaambia wageni, "Huyu mke wangu hata kikohozi chake hutokea upande wa kushoto."

Mashoto alicheka. Utotoni jambo hilo halikuwa la kuchekesha. Shangazi zake walimpiga kofi mkononi kila aliposhika kijiko. Mwalimu wake alimfunga mkono kwa kitambaa ili ajifunze kutumia ule mwingine. "Mkono wa kulia," walimwambia asubuhi na jioni. "Tumia mkono wa kulia."

Mtu mmoja tu hakumwambia hivyo. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama kufariki. Dada alikifungua kile kitambaa, akakirudisha shuleni kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Akamwambia mwalimu, "Mwache atumie huo huo. Mkono ni wake, na kazi inafanyika."

Sasa dada alikuwa mtu mzima, akiishi mbali, kwenye nchi ya milima na baridi. Siku moja dereva wa lori, rafiki wa mume wa Mashoto, alirudi kutoka huko na habari.

"Shemeji, dada yako anakusalimu," alisema. "Ni mzima, ila magoti yanamsumbua. Usiku baridi inampata kama haina mtu mwingine wa kumpata."

"Hana blanketi?"

"Analo. Jembamba. Unaweza kulisomea gazeti ukiliweka juu ya ukurasa."

Dereva alipoondoka, Mashoto alifungua sanduku lililokaa uvunguni mwa kitanda miaka yote. Ndani mlikuwa na nguo za marehemu mama: gauni la maua ya manjano, sketi ya kijivu, vazi la kazi la bluu lenye mfuko uliochanika. Akaongeza shati la baba lenye mistari na sare ya shule aliyovaa dada.

"Nitamshonea dada mfarishi," alimwambia mumewe.

"Mfarishi ndiyo nini?"

"Blanketi la tabaka tatu. Juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Halafu unashona tabaka zote pamoja, mshono kwa mshono, ili pamba isikimbie. Mama alikuwa nao. Nakumbuka uzito wake."

"Lori litaondoka tena mwisho wa mwezi," alisema mume. "Baada ya hapo barabara ya milimani hufungwa kwa mvua. Utawahi?"

"Nitawahi," alisema Mashoto.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Aliingia alfajiri, akatoka adhuhuri. Kila siku alipomaliza kazi za nyumbani, alikaa dirishani na kushona. Viraka viliunganika vizuri. Kitambaa chembamba juu ya kitambaa chembamba, hapakuwa na taabu. Kisha akapanga tabaka tatu, akazipigia bandi za uzi mrefu ili zisiteleze, akabana sehemu ya kwanza ndani ya duara la mbao la kukazia kitambaa. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Sindano haikutaka kupita. Tabaka zilikuwa nene. Mashoto aliisukuma kwa ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto, na kichwa cha sindano kikamwingia nyamani. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya kitambaa, ukiipokea sindano. Kila ilipotokea upande wa pili, ilimchoma huko pia. Aliumia juu, akaumia chini.

Kila alipochomwa alikitia kidole kinywani, akakinyonya, akaendelea.

Binti yake, msichana wa sekondari mwenye ulimi mwepesi, aliinama juu ya mfarishi.

"Mama, hili ua jekundu umelitarizi lini? Gauni la bibi lilikuwa na maua ya manjano tu."

"Hilo si ua. Hilo ni mimi."

Binti aliacha kucheka. "Mama, nunua kile kitu cha chuma cha kuvaa kidoleni. Nimekiona kwenye duka la vifungo."

Kesho yake Mashoto alipita dukani. Muuza vifungo alitoa kikopo kidogo cha chuma, chenye vishimo vingi kama uso wa chungwa.

"Hii inaitwa subana," alisema, huku akimhudumia mteja mwingine. "Unavaa kidole cha kati, mkono wa kulia."

Tangu utoto Mashoto alikuwa amesikia maneno hayo, na tangu utoto yalimwingia bila kupiga hodi. Hakuuliza. Alirudi nyumbani, akavaa subana kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, yaani mkono uliokuwa chini ya mfarishi. Alifurahi. Alidhani ni kofia ya kujikinga.

Mambo yakawa mabaya zaidi. Chini, sindano iligonga chuma, ikateleza na kuchoma kidole cha pembeni. Tena hakuhisi imefika wapi, kwa sababu chuma hakihisi. Juu, kidole cha kushoto kiliendelea kusukuma kikiwa kitupu. Kikatoboka pale pale kilipotoboka jana na juzi.

Wiki iliyofuata, kidole hicho kilivimba. Kiling'aa. Kilipwita kama kina moyo wake chenyewe. Mashoto alikificha ndani ya kiganja, akaenda kazini.

Msimamizi wa kiwanda cha mikate alikuwa na desturi ya kutazama mikono ya wafanyakazi kabla hawajagusa unga.

"Fungua kiganja," alimwambia.

Mashoto alifungua.

"Kidole hicho hakiingii kwenye unga wangu," alisema msimamizi, bila ukali. "Watu watakula mikate hii. Nenda zahanati sasa hivi. Nafasi yako ipo, haiendi popote."

Kwenye zahanati, muuguzi alikigusa kidole taratibu. Kulikuwa na usaha. Akapapasa na kwapa.

"Una mtoki," alisema. "Mwili unapigana. Kidole hiki kimechomwa na nini?"

"Sindano ya kushonea."

"Mara moja?"

Mashoto alitazama ukutani. "Kila siku."

"Na ukichomwa unafanya nini?"

"Nakinyonya."

"Kinywa si bomba la maji, mama," alisema muuguzi. "Kinywa kina vijidudu vingi. Ukichomwa, acha kazi. Osha kwa maji safi na sabuni. Kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Funika. Ukiona kinavimba, kina joto, kinatoa usaha, au unaona mstari mwekundu unapanda mkononi, usingoje kesho. Njoo. Watu wamepoteza vidole kwa kungoja kesho."

Alikisafisha kidole, akakifunga, akampa dawa na kumweleza namna ya kuimeza mpaka iishe. Kisha akauliza, "Sindano ya pepopunda ulichomwa lini mara ya mwisho?"

"Sikumbuki."

"Basi utakumbuka ya leo. Toa bega."

"Yaani nimeumizwa na sindano, natibiwa kwa sindano."

"Hii yangu angalau inajua inakwenda wapi," alisema muuguzi, na wote wawili wakacheka. Lakini alipomaliza alisema tena, safari hii bila kucheka, "Usishone mpaka ngozi ifunge."

"Na lori?"

"Lori gani?"

Mashoto alimweleza habari za dada, magoti na mvua. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada yako angechagua nini?" aliuliza. "Mfarishi, au kidole chako?"

Mashoto alirudi nyumbani. Mfarishi ulilala juu ya kiti, nusu umeshonwa, nusu bado. Mume aliosha vyombo. Binti alifua. Hakuna aliyetaja lori, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mzee aliyefanya kazi karakana ya magodoro mpaka alipostaafu. Wote walimwita Bibi Godoro, naye aliitika kwa fahari.

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa," alisema. "Nasikia umechomwa sindano mpaka ukaenda kuchomwa sindano."

"Karibu, Bibi. Nani kakuambia?"

"Ukuta. Ukuta wenu mwembamba, mwanangu. Hata mumeo akikoroma mimi ndiye nageuka." Alikaa, akauvuta mfarishi mapajani. Alipitisha kiganja juu ya gauni la maua, juu ya sare, juu ya mfuko wa bluu. "Kazi nzuri. Nani kakuumiza hivi?"

"Ni mimi mwenyewe. Sina mikono ya kushona."

"Sikuulizi una mikono gani. Nionyeshe unavyoshona. Usiguse sindano, fanya kama unashona."

Mashoto alivaa subana, akapeleka mkono wa kulia chini ya mfarishi, akanyanyua wa kushoto juu. Bibi Godoro alitazama. Akavaa miwani. Akatazama tena.

"Subana umeivaa mkono gani?"

"Wa kulia. Muuza vifungo aliniambia."

"Mkono wa kulia wa nani?"

Mashoto hakuelewa.

"Wa kulia wa yeye muuza vifungo," alisema Bibi Godoro. "Yeye anashona kwa kulia. Wewe hushoni kwa kulia. Kwako, mwanangu, huo umekuwa mkono wa kulia machozi."

Binti aliangua kicheko kule jikoni. Mume naye akacheka. Mashoto alianza kucheka, kisha akautazama mkono wake wa kushoto uliofungwa bendeji.

"Basi alinidanganya."

"Hakukudanganya. Alisema bila kukutazama. Usiulize kulia wala kushoto. Uliza kidole kipi kinasukuma. Hicho ndicho cha kuvaa subana. Wewe ulifikiri subana ni kofia. Subana ni kiatu. Kidole kinachosukuma ndicho kinachotembea safari yote, nawe ulikiacha kiende peku."

Bibi Godoro aliivua ile subana, akaijaribu kwenye kidole cha kati cha mkono wake mwenyewe, akautikisa mkono ukielekea sakafuni. Subana ilianguka ikaviringika chini ya kabati.

"Unaona? Kwangu ni kubwa. Kidole chako kikipona, jaribu hivi hivi. Ikianguka, ni kubwa. Kidole kikibadilika rangi, ni ndogo. Ikae tu, isibane. Na hivi vishimo si urembo. Kichwa cha sindano kinakaa humo, hakitelezi."

"Na huku chini?" Mashoto alionyesha vidole vya mkono wa kulia vyenye madoa ya kuchomwa. "Huku nifanyeje? Sindano lazima itokee."

"Itokee, ndiyo. Lakini si lazima ikuingie. Wengi wanadhani bila damu sindano haijafika. Kidole cha chini kazi yake ni kubisha hodi tu. Ncha ikigusa, igeuze irudi juu. Ikigusa, igeuze. Mkono wa juu unabembea kama mtu anayebembeleza mtoto. Na kidole hicho kivalishe ngozi nyembamba. Nyembamba, ili kihisi ncha kabla ncha haijakihisi chenyewe."

"Ngozi nitapata wapi?"

Mume alinyanyuka. Alirudi na glavu zake za zamani za kuchomelea, zile laini, moja ikiwa imeungua kidole gumba.

"Mimi kazini navaa miwani, aproni na glavu," alisema. "Nikisahau, wenzangu wananifukuza karakanani. Halafu narudi nyumbani, namkuta mke wangu anapambana na chuma chenye ncha kwa mikono mitupu, nami nauliza chakula kiko wapi." Akaitia glavu mikononi mwa mkewe. "Kata. Kidole chochote unachotaka."

Binti alikata kidole cha mwisho cha glavu kwa mkasi wa waya. Kilimtosha Mashoto kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kana kwamba kilikatwa kwa ajili yake.

Bibi Godoro hakuwa amemaliza. Alibonyeza kitambaa ndani ya duara la mbao. Kilikuwa kimekazwa kama ngoma.

"Hapa ndipo nguvu zako zilipoishia. Kikikazwa hivi, sindano haiwezi kubembea. Legeza kidogo, kibonyee ukikigusa." Akachomoa sindano, akaikunjia uso. "Na hii ni ndefu, tena imepinda. Hii ni ya kushonea magunia. Tafuta fupi, kali, iliyonyooka. Ikikwama usiivute kwa meno. Kata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ishike nacho, itatoka. Ukichoka, pumzika. Sindano inampenda sana mtu anayesinzia."

"Na hii damu iliyoingia kwenye gauni la mama?"

"Maji baridi na sabuni. Si ya moto. Ya moto yanaipika damu ikakaa humo milele."

Mashoto aliuliza swali lililokuwa moyoni tangu zahanati. "Bibi, nitawahi lori?"

Bibi Godoro alipima kwa macho sehemu iliyobaki. "Ukisubiri kidole kipone, halafu ukashona ninavyokuambia, unaweza kuwahi. Ukianza leo, huwahi, na kidole hukioni tena."

"Nisaidie kushona upande mmoja."

"Sikusaidii." Alisema hivyo kwa upole. "Nikikushonea, dada yako atalalia mishono yangu. Mimi hakunifungua kitambaa mkononi." Kumbe hata hilo ukuta ulishamwambia.

Mashoto alisubiri. Alimeza dawa mpaka zikaisha. Kidole kilipungua uvimbe, kikajikunja, ngozi ikafunga. Msimamizi alikitazama, akasema, "Haya, unga unakuita." Kila siku alipotoka kazini, alinawa mikono, akakaa dirishani mwanga ukiwa bado mzuri. Subana kushoto. Ngozi kulia. Sindano fupi, kitambaa kimelegezwa.

Mwanzoni alijiona kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Subana iligonga kila kitu. Binti alimtania, "Mama, unashona au unapiga hodi?" Lakini siku chache baadaye mkono ulishika mwendo wake. Ikigusa, igeuze. Ikigusa, igeuze. Mishono ilitoka midogo na iliyonyooka. Hakuchomwa. Na kwa kuwa hakuchomwa, hakusimama. Na kwa kuwa hakusimama, kazi ilikwenda kasi kuliko alipokuwa akiharakisha.

Lori lilifika mwisho wa mwezi, asubuhi. Upande mmoja wa ukingo ulikuwa haujamalizika.

"Shemeji, mawingu yanakusanyika," dereva alisema mlangoni. "Nataka kuvuka mlima kabla ya mvua."

"Kunywa chai kwanza," alisema Mashoto. Alishona. Jasho lilimtoka. Subana ilimteleza kwa jasho, naye akafikiri kuivua ili aende haraka. Aliishika kabisa. Kisha akaifuta kwa nguo, akaivaa tena.

Dereva alimaliza chai. Akaongezwa nyingine. Alipoweka kikombe chini, Mashoto alikata uzi.

Waliukunja mfarishi, mume upande huu, binti upande ule. Bibi Godoro alisimama mlangoni, akaupapasa ukingo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mashoto alimshika mikono yote miwili.

"Bibi, sijui nikushukuru vipi."

"Nimeshashukuriwa. Nimeona kidole kina kucha yake."

"Dakika moja," Mashoto alimwambia dereva. Alichukua karatasi na kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto, haraka:

"Dada yangu mpendwa, mfarishi huu ni wa magoti yako. Humo utamkuta mama, baba, na wewe mwenyewe ulipokuwa shule. Nilikaribia kupoteza kidole kwa kuvaa subana mkono wa kulia, kwa sababu mtu alisema kulia nami nikatii. Jirani alinitazama mikono kama ulivyonitazama wewe zamani. Nimeshona kwa mkono wangu. Kazi imefanyika. Asante kwa kile kitambaa ulichokifungua. Mdogo wako."

Kiganja chake kilipita juu ya wino mbichi, kama kawaida ya watu wa kushoto, kikaacha ukungu wa bluu kando ya kila mstari. Alikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. Alichovya kidole kwenye maji ya kikombe, akalowesha gundi, kisha akaubana mfuniko kwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, chenye kovu dogo jeupe. Alikibonyeza hapo muda kidogo. Hakikuuma.

"Hujaandika jina lako," alisema dereva, akiigeuza bahasha. "Nimwambie imetoka kwako?"

"Usimwambie kitu. Akiufungua ukurasa tu, atajua."

Dereva aliitia bahasha mfukoni kifuani, akafunga kifungo cha mfuko, akapanda lori. Mfarishi ulikaa kando yake kwenye kiti cha abiria, umefungwa kamba, na lori likaondoka kuelekea milimani.